Antena ya Tonton na Tawi la Mama Nsimire

Mwanangu, jana uliponitumia picha ya antena unayotaka kununua, nilikumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, na naikumbuka kwa sababu ya kitu ambacho tonton wangu, yaani mjomba, alishuka nacho kutoka juu ya bati. Alikuwa amekishika kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama mtu anayetupa panya aliyekufa. Kilikuwa kikavu, cheusi kwa moshi, kimefungwa kwa kipande cha kitenge chekundu. Akakiweka juu ya jiwe la kufulia, akatuita wote tuje tutazame, kisha akageuza macho kwenye mlango wa Mama Nsimire, mjane aliyekuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya kiwanja chetu, yeye na watoto wake watatu. Hakuwa amesema neno bado. Lakini mimi nilishajua kwamba mama yule anaweza kukosa mahali pa kulala kwa ajili ya kitu kile kidogo.

Nitakueleza kwa utaratibu. Najua una haraka, unataka nikuambie tu ununue ipi na uifunge wapi, basi uende zako. Kaa. Chai ipo. Mimi ni mtu wa kushuku, unanijua. Chumvi naionja dukani kabla sijailipa, na padri akihubiri mafupi najiuliza anawahi wapi. Sioni haya juu ya hilo. Katika mambo ya antena, kushuku kumenifaa kuliko vyeti vyangu vyote. Ila kuna namna ya kushuku ambayo sitaki uirithi, na ndiyo iliyonifanya nikuite leo.

Tonton Déo alikuwa mdogo wa mama yangu, na ndiye aliyenilea hapa Kadutu, Bukavu. Alifundisha fizikia sekondari, alivaa tai hata Jumamosi, na alikuwa amefanya mtihani akapewa ruhusa ya redio ya ridhaa, yaani kuongea hewani na wenzake kwa kupenda tu, bila biashara. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, sehemu ya elektroniki, msichana peke yangu darasani, nikawa msaidizi wake. Rafiki yake, mwalimu Bahati, alikuwa na redio kama hiyo Kalehe, kule kaskazini kando ya ziwa. Simu zilikuwepo tayari, usidhani ni zama za kale. Lakini mvua ikishakata barabara ya ziwa kwa matope na mtandao ukalala, mtu mwenye mama yake Kalehe alikuwa anapanda kilima mpaka kwetu kuuliza kama mama yu mzima. Kwa hiyo antena haikuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Ilikuwa na kazi.

Tulikwenda kuichagua sokoni. Muuzaji alikuwa nazo za kusimama za kila urefu, bomba jeupe na vijiti vitatu vifupi chini yake, zote za bendi mbili: ile ya mita mbili na ile ya sentimita sabini, mti mmoja kwa kazi mbili na kebo moja. Akashika ile ndefu kuliko zote.

"Papa, hii iko napiga mpaka Kinshasa, bila mashaka."

"Wewe ulishapiga Kinshasa nayo?" nikamuuliza.

Akacheka, akamtazama tonton, akamwuliza kama huyu binti ndiye analipa. Hapo nikamshuku mara mbili. Halafu nikasoma katoni, nikaona namba kubwa za nguvu zilizoandikwa kwa rangi, nikaishuku na katoni. Antena haizalishi nguvu, mwanangu. Inagawa tu zile ulizoipa. Ile ndefu kabisa inazibana zote zilale chini, ziende mbali kwa usawa, na hilo ni jema kwa mtu wa tambarare. Wewe umeona wapi tambarare Bukavu? Sisi tuko juu, wengine wako bondeni chini ya miguu yetu, na mti mrefu kupita kiasi ungewapita juu ya vichwa tukabaki tunaita hewa. Tena upepo wa kilimani hauchoki. Tulichukua ya kati, iliyomzidi tonton urefu kidogo tu, na yule muuzaji akasikitika kama tumemwibia.

Kebo ndiyo niliyoishuku zaidi. Alitutolea nyembamba ya televisheni, akaapa kwa mama yake kwamba ni ya redio. Nikaomba kisu, nikamenya ncha. Ule wavu wa shaba unaozunguka ndani ulikuwa mwembamba kama wa chandarua kilichochakaa, na waya wa katikati ulinata kwenye sumaku, maana yake ulikuwa chuma kilichopakwa shaba tu. Kebo ya namna hiyo inakula nguvu njiani, na bendi ya juu, ile ya sentimita sabini, ndiyo inayoliwa zaidi. Tukazunguka soko mpaka tukapata nene, ya shaba halisi. Mpaka hapo, mwanangu, kila nilichokishuku kilistahili.

Tulisimamisha bomba la chuma kwenye ukuta wa tofali upande wa ziwa, si kwenye mbao za paa, na mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata likianguka lisizifikie. Kutoka kwenye bomba nikateremsha waya mnene wa shaba moja kwa moja mpaka kwenye fimbo za chuma tulizozipigilia ardhini, kwa ajili ya radi. Unajua radi za kwetu. Hazihitaji kualikwa. Fundo la juu, pale kebo inapokutana na antena, tonton alilifunga utepe wa kuzuia maji mwenyewe, akaanzia juu akiteremka, kwa mkono mzuri, safi, kama anayefunga zawadi ya harusi. Nilikuwa chini nimeshika ngazi, sikuona. Nilimsikia tu anapiga mluzi.

Jambo moja alikataa. Huku kwetu, ukisimamisha kitu kirefu juu ya nyumba, unamwita chef d'avenue, yule mzee anayesimamia mtaa, unawaita na majirani, unatoa kasiksi kidogo, wanakunywa, wanakiona kitu chenyewe, wanauliza maswali yao ya kipuuzi na yale ya maana, wanaondoka. Pombe ile ya ndizi si anasa. Ni njia ya kuwaambia watu kwamba huna la kuficha. Tonton akasema yeye ana karatasi ya Serikali, na karatasi ya Serikali hainywi kasiksi.

Sasa wewe jiweke mahali pa majirani. Wakati ule, kama sasa, mwenye redio alidhaniwa kuongea na watu wa bunduki, ama hawa ama wale, kutegemea nani anakisia. Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza nilipofika na ndoo. Mmoja aliniuliza kwa upole kama mti wetu unapiga picha watu wakioga. Mwingine alihamisha kamba yake ya nguo. Nilipoamkia, niliitikiwa kwa nusu mdomo. Nami nikaanza kuhesabu nani ananitazama vipi, maana kushuku kunaambukiza kuliko mafua.

Mama Nsimire peke yake alisema waziwazi. Alikuja mlangoni mwa tonton amefunga kitenge vizuri, kama mtu anayekwenda misa.

"Papa Déo, nakuomba, teremusha kidogo ile muti. Radi iko natafuta kitu ya murefu."

"Maman Nsimire," tonton akacheka, "radi haina macho ya kutafuta."

Akamweleza fizikia. Alimweleza vizuri sana, na kwa furaha, na mama yule akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, akaitika ndiyo, akaondoka. Tonton hakujua, au alikuwa amesahau, kwamba mume wa Mama Nsimire aliuawa na radi shambani kwao huko Bunyakiri, jembe likiwa mkononi. Mimi nilijua. Alinisimulia mara moja tu tukimenya mihogo, kwa sauti ya kawaida, kisha akaomba nimpe kisu kingine kwa sababu chake kilikuwa butu. Na katika maelezo yote yale mazuri, hakuna aliyemshika mkono akamwonyesha ule waya wa shaba ulioingia ardhini hatua chache kutoka kitandani kwake.

Wiki za kwanza antena ilifanya kazi vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Bahati wa Kalehe alisikika kama yuko jikoni. Halafu mvua kubwa zikaanza, na sauti yake ikaanza kurudi nyuma, siku moja iko sebuleni, siku nyingine iko nje ya lango, mpaka ikawa mkoromo. Bendi ya juu ilikufa kabisa. Watu walipanda kilima kuuliza habari za wazazi wao, wakashuka bila jibu, na wengine walitazama mti wetu kwa jicho la kusema, tulijua tu.

Tonton akapima. Kuna kifaa kidogo unachokiweka kati ya redio na kebo, kinaonyesha nguvu kiasi gani zinarudi badala ya kwenda. Zikirudi nyingi, kuna ubovu. Kifaa kilionyesha kwamba karibu hakuna kinachorudi. Akapima tena, ikawa hivyo hivyo. Basi akaamua: kama vyombo ni vizima na sauti imekufa, kuna mkono wa mtu. Alikuwa amesikia kwamba wenye wivu huchoma pini kwenye kebo ya mwenzao. Na jirani mmoja, sitamtaja maana ana wajukuu wazuri, akamnong'oneza kwamba Dominika tulipokuwa misa alimwona Mama Nsimire juu ya ngazi yetu.

Unaona ilivyojipanga? Mama aliyeupinga mti, ngazi, sisi hatupo. Nakuambia ukweli, hata mimi nilimshuku. Asubuhi hiyo tonton akapanda kutafuta pini. Pini hakuiona. Akashuka na kile kitu cheusi chenye kitambaa chekundu.

"Muone wenyewe," akasema pale kwenye jiwe la kufulia. "Nilisema kuko mukono ya mutu."

"Tonton, ngoja kwanza nipime tena," nikamwambia.

"Upime nini? Nilishapima. Kipimo iko bon, kable iko bon, antene iko bon. Kunabakia nini? Kunabakia mutu."

Nikamshika mkono wa shati. Akautoa taratibu, bila hasira, akaenda akapiga hodi kwa Mama Nsimire, na alipofungua, mbele ya watoto wake na mbele ya wale waliokuwa wameshaanza kuchungulia juu ya ukuta, akamwita mulozi, yaani mchawi. Alilisema kwa sauti ya darasani. Mwalimu wa fizikia, mwanangu, mtu aliyemcheka mwenzake kwa kuogopa radi. Nilisikia aibu mpaka kwenye nywele.

Mama Nsimire hakupiga kelele. Alikitazama kile kitu juu ya jiwe.

"Papa Déo, ile si dawa. Ile ni tawi ya Dominika ya Matawi, padri aliibariki. Niliifunga kule juu radi isituue, mimi na batoto yangu, na weye pia."

"Na juu ya nini haukuniambia?" tonton akadai sababu.

"Nilikuambia ya radi. Ukanicheka."

Ilikuwa kweli. Tukilitazama sasa, lilikuwa tawi la mtende, lile ambalo kila Mkatoliki wa hapa analichomeka nyumbani kwake mpaka mwaka unaofuata. Lake lilikuwa limekaa juu ya mafiga likala moshi, na kwa kukosa kamba alichana kitenge chake. Tonton alikuwa na lake, limechomekwa nyuma ya picha ya Bikira Maria sebuleni, lakini la kijani lililofifia, si jeusi, na hakuna aliyelifunga kwa nyekundu. Nilidhani mambo yataishia pale. Lakini mtu aliyeshasema neno kubwa mbele ya watu hakubali kulimeza kirahisi. Akasema, tawi au si tawi, redio ilikufa tangu alipopanda, na kabla ya Dominika ijayo atoke kiwanjani.

Watu wakaenda kumwita chef d'avenue, Muzee Mugisho, aliyekuja polepole na fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akataka aambiwe tangu mwanzo. Wakati wanaeleza, mimi nilikuwa nimesimama nyuma nakifikiria kile kipimo. Nilikuwa nakishuku. Siku ile tulipoifunga antena, ikiwa mpya, kavu, kipimo kilionyesha nguvu kidogo zinarudi, kama kawaida ya kitu chochote cha dunia hii. Sasa, baada ya mvua zote zile, kilionyesha hakuna. Antena inawezaje kukaa mvuani ikawa nzuri kuliko siku ilipozaliwa? Nguvu hazirudi kama zimekwenda zote, sawa. Lakini pia hazirudi kama zimeliwa njiani, na kipimo kilichokaa chini karibu na redio hakiwezi kujua tofauti.

Sikuomba ruhusa. Nilichukua kipimo, nikachukua na kile kichuma chenye mapezi kinachopokea nguvu badala ya antena, nikapanda. Nikaifungua kebo kule juu, nikaiunga kwenye kipimo na kile kichuma, nikamwomba mmoja wa waliokuwa chini abonyeze kitufe cha redio. Mshale ulisogea kidogo tu, ukakaa. Hata nusu ya tulichokitia chini haikuwa inafika. Nikageuza ncha ya kebo kuelekea ardhini, nikaitikisa, na maji yakatoka. Maji machafu, yenye kijani cha shaba, yakadondoka kwenye bati, tonton akayaona kutoka chini kama walivyoyaona wengine wote.

Ulikuwa ule utepe. Ukianza juu ukateremka, kila mzunguko unaukalia ule wa juu yake, midomo yote inatazama mbinguni, na mvua inaingia kwa raha zake. Unaanzia chini unapanda, mzunguko wa juu uukalie wa chini, kama bati linavyokaa juu ya bati kwenye paa. Kila mtu aliyekuwa pale kiwanjani alikuwa ameezeka nyumba au ameona ikiezekwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Muzee Mugisho aliiweka fimbo kati ya magoti. Kisha akamwambia tonton, bila kupandisha sauti:

"Déo, mimi sijue antene. Lakini nauliza. Chuma yako ulipima. Ule mama, ulimupima na nini?"

Tonton aliyatazama yale maji kwenye bati. Akasimama hapo na tai yake. Mzee akaendelea kwamba angeitwa siku ya kwanza, yeye na wenye mtaa, wakaona waya ule wa shaba unaoshika radi, mama yule asingepanda ngazi ya mtu kama mwizi kutafuta usalama wa watoto wake. Halafu akainuka, akamwomba Mama Nsimire msamaha kwa niaba ya mtaa, ingawa mtaa ulikuwa bado unachungulia.

Tonton naye aliomba. Usifikiri hakuomba. Jioni ile alikwenda mlangoni kwake amevua tai, akakaa kwenye kizingiti, akasema maneno niliyoyasikia na ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu mwingine. Akamwambia abaki, abaki hata bure, mpaka watoto wamalize shule. Mama Nsimire alikuwa anakunja nguo. Alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyosikiliza ile fizikia.

"Nilikusamehe, Papa Déo. Lakini batoto yangu walisikia. Kesho ku shule wataitwa batoto ya mulozi, na maji yako ya kable haitafika kule."

Nilimsaidia kufunga mizigo kwa sababu sikujua kufanya lingine. Nilimwambia watu watasahau. Alinitazama kwa huruma, mimi niliyekuwa msichana mwenye vyeti, akasema sufuria ile ndogo niichukue mimi, haitaenea. Lori la Bunyakiri liliondoka asubuhi na mvua nyepesi, wamekaa juu ya magunia, mtoto wa mwisho amefunikwa turubai. Barabara ile wakati huo, kwa ajili ya watu wa bunduki, haikuwa ya kupita na watoto. Kila mtu alijua, naye alijua.

Wakati lori linapanda kuelekea kaskazini, mimi nilikuwa juu ya bati nakata kebo iliyooza, naunga ncha mpya, nafunga utepe kuanzia chini kwenda juu, kisha nikaiacha kebo ijikunje kidogo kabla ya kuingia ndani ya nyumba, ili maji yadondokee pale. Sikumbuki kazi niliyowahi kuifanya vizuri vile. Tukawasha. Bahati akaingia wazi, kama yuko jikoni.

"Kamyo ilipita hapa Kalehe," akasema. "Niliona maman na batoto batatu juu ya magunia."

Baada ya hapo, kimya. Bunyakiri iko nyuma ya milima, mwanangu, na mawimbi ya antena hii yanakwenda moja kwa moja kama jicho. Mlima ukisimama, yanasimama. Hakuna urefu wa antena, hakuna namba ya katoni itakayokupitisha pale. Tonton aliketi mbele ya redio ile nzima, iliyopona kabisa, akiita, akijua kwamba haifiki. Niliketi naye. Sikumchukia, lakini sikumfariji pia.

Siku za kungoja zilikuwa nyingi. Mwishowe nikaenda parokiani, kwenye ile phonie kubwa, redio ya masafa marefu ambayo mawimbi yake yanapanda angani na kuteremka ng'ambo ya milima, nikaomba waulize. Jibu lilipokuja, mwendeshaji alinisomea kwa sauti ile ile anayosomea bei za maharage.

"Alifika. Batoto iko bazima. Anasema musimutafute."

Nikampelekea tonton maneno yale kama yalivyo. Aliyapokea amesimama. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akasaidia watu wengi na ile redio, na hakuna mpangaji aliyewahi kulala tena katika vile vyumba viwili, maana hakupangisha tena.

Sasa sikia ninachokushauri, nawe usikiitikie kwa kichwa tu. Chukua antena ya kati, si ile ndefu ya kwenye picha yako; huyo muuzaji anakudanganya, na nadhani hata yeye anajua. Menya kebo kabla hujalipa. Waya wa ardhini uwe mnene, na ngurumo ikianza uchomoe kila kitu, usijifanye shujaa. Utepe uanzie chini. Kipimo kikikuambia mambo ni mazuri mno, kipandishe juu ukiulize tena. Shuku bati, shuku skrubu, shuku katoni na mwenye katoni, unishuku hata mimi, upime nilichokuambia. Vitu vinavumilia kushukiwa, ukikosea unakifungua tena na hakikumbuki. Mtu anakumbuka, na watoto wake wanakumbuka. Kwa hiyo kabla hujataja jina la jirani kwa ubaya wowote, uwe umeshapanda, umeshafungua, umeshatikisa, umeshaona kwa macho, na ukishaona hakuna kitu, bado nyamaza. Uliniambia juzi kwamba antena yako ya sasa kuna mtu pale chini anaikatia mawimbi. Sitaki kujua jina lake. Nataka umwite aje anywe nawe, umwonyeshe waya unakwenda wapi na sauti inatoka wapi, umwache abonyeze kitufe mwenyewe aongee na Kalehe, na kama anaogopa radi usicheke.

Nenda basi, mvua haijaanza. Mungu aushike mkono wako ukiwa juu ya ngazi, mwanangu, na ukishashuka aushike ulimi wako.